Fundi wa Glavu na Mkono wa Kulia

Kwa miaka sita niliyoishi mlango unaotazamana na wake, sikumwona Fundi akipokea kitu kwa mkono wa kushoto hata siku moja. Ukimkuta kazini, kisu kikiwa mkono wa kulia, nawe unampa kikombe cha chai, atakiweka kisu chini, atajifuta mafuta kwenye aproni kidole kimoja kimoja, ndipo anyooshe mkono. Wakati huo chai imeshaanza kupoa na wewe umeshachelewa shifti. Mimi ni mtu wa haraka na sina subira na madaha, kwa hiyo mwanzoni aliniudhi kweli.

"Fundi, shika tu na kushoto, hakuna anayetuona."

"Lugha yenyewe imeshapanga, Nesi," atasema. "Mkono wa kulia. Maana yake mkono wa kulia chakula. Huu mwingine umesikia umepangiwa nini?"

"Na wa kulia machozi je?"

"Machozi hayahitaji mkono. Yanashuka yenyewe."

Na mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa akitengeneza glavu kuukuu za besiboli nyumbani kwake Fridley, Minnesota, ghorofa ya pili, katika yale majengo ya matofali ya kahawia karibu na reli na viwanda. Kwa asiyeijua besiboli, mchezaji anayerusha mpira kwa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na kazi ya glavu ni moja tu, kupokea. Mchezo mzima wa Wamarekani umesimama juu ya kupokea kwa kushoto. Fundi alilitafakari jambo hili majira yote ya baridi ya kwanza, halafu akalipatia jibu lake.

"Hawa watu wana haya kuliko tunavyodhani," aliniambia. "Wanajua kabisa kushoto hakupokei. Ndiyo maana wanauvisha ngozi kwanza. Anayepokea pale ni ng'ombe, si wao."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai mezani, naye akanifukuza, kwa sababu chai na ngozi havikuruhusiwa kukaribiana katika nyumba ile.

Tulijuana kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Nilikuwa nimeshuka na kapu langu, nikasikia mtu anaisema mashine kwa Kiswahili safi: "Wewe nawe, juzi soksi, leo tena soksi. Unazipeleka wapi?" Nilikuwa na miezi minne Minnesota, na nisidanganye mtu, nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilisimama pale mlangoni na kapu langu nikashindwa hata kuamkia. Yeye ndiye aliyegeuka. Akasema anaitwa Fundi, na mpaka leo hilo ndilo jina ninalomwita. Nyumbani alikuwa akishona viatu Morogoro, na mipira ya shule, ile ya zamani ya ngozi iliyofungwa kwa kamba. Mimi akaniita Nesi. Nikamwambia mimi si nesi, ni msaidizi tu kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Unawaosha?"

"Ndiyo."

"Unawalisha?"

"Ndiyo."

"Basi nesi ni nani tena?"

Akawa ameshamaliza.

Miaka mitano baadaye nilipofaulu mtihani nikawa nesi kweli, nilimpelekea habari mbio. Akanitazama kwa mshangao, akauliza, "Kwani ulikuwa nani siku zote?"

Glavu ya kwanza aliiokota kwenye pipa la taka nyuma ya jengo. Alidhani ni kiatu kilichoshonwa na fundi mlevi. Akaja nayo ndani, akaigeuza wiki nzima, akaingiza ngumi, akaitoa, mpaka alipomwona mtu barabarani amevaa ya namna hiyo mkononi. Kamba zake zilikuwa zimekatika na ngozi imekauka, na hicho ndicho kilichomuuma. Hakujua kazi yake lakini alijua ugonjwa wake.

Baada ya hapo zikaanza kumjia. Wamarekani wa huko, mwezi wa tano ukifika, huanika vitu vyao vya zamani mbele ya gereji, vile vibanda vya magari vya nyumbani kwao, na kuviuza, na katika kila gereji ya pili kuna glavu imelala chini ya mwavuli mbovu. Fundi alizikusanya. Alizifungua kamba, akaziosha kwa sabuni ya ngozi, akazikausha mbali na hita, akazipaka mafuta kwa kidole, si kwa kitambaa, halafu akazipitishia kamba mpya kwa sindano aliyoitengeneza kutokana na waya wa kutundikia nguo. Dirishani alifunga kamba, glavu zikaning'inia kwa vibanio vya nguo kama samaki wanaokaushwa. Korido nzima ilinuka ngozi. Msimamizi wa jengo alipanda siku moja kuulizia harufu, kesho yake akaleta glavu ya marehemu baba yake, baada ya wiki akaichukua imefufuka, na hakuuliza tena.

Kila nikirudi kazini mlango wake ulikuwa wazi kidogo, na nilipaswa kusimama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umelisha wangapi leo?"

"Sita."

"Haya. Wa saba nisiwe mimi."

Mwaka wa kwanza nilidhani ni utani. Kisha akaanza kuuliza mambo. Wale unaowalisha, wanakutazama usoni au wanatazama pembeni? Wanafumba macho? Wakishiba wanasemaje? Nilimjibu ukweli, kwamba wengine hutazama ukutani mpaka sahani iishe. Akaweka kamba chini, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Mimi kufa sikuogopi sana," alisema. "Naogopa kijiko cha mtu mwingine. Mtu mzima kufungua mdomo, akawekewa. Hapana, Nesi. Hiyo hapana."

Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono wa kutazamwa kweli. Kidole cha shahada kilikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na miaka ya kuvuta uzi, na kwenye mfereji huo ndipo kamba ya glavu ilipopita bila kuteleza. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimetoka kwenye mkono ule. Nilimwambia asijitafutie balaa kwa maneno, nikaenda zangu kupika.

Sasa niseme la kuvunja, maana ni kosa langu na alinitania nalo hadi mwisho.

Kulikuwa na kocha mmoja wa timu ya akina mama kutoka Maple Grove, mtu mwema, mwenye sauti ya kuongea na watu walio mbali. Alisikia habari za Fundi, akaleta glavu mpya kabisa, ngumu kama ubao, akasema kwa Kiingereza, "Break it in for me." Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Besiboli sikuijua, Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na 'break' nilijua ni kuvunja. Nikamgeukia Fundi.

"Anasema umvunjie."

"Nimvunjie nini?"

"Hii glavu. Uivunje."

"Mpya?"

"Ndivyo alivyosema."

Fundi aliipindua, akamtazama kocha, kocha akatabasamu na kuonyesha dole gumba. Basi. Kazi ya mteja ni kazi ya mteja. Kocha aliporudi baada ya siku nne alikuta glavu yake imefunuliwa mezani vipande vipande, ngozi ya kiganja peke yake, ya mgongo peke yake, wavu wa kati ya gumba na kidole cha shahada peke yake, kamba zimekunjwa vizuri pembeni, kila tundu limesafishwa. Alikuwa amemaanisha ailainishe, aizoeshe mpira. Kocha aliokota kamba moja, akairudisha palepale. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Fundi alisimama wima na aproni yake, akaniuliza taratibu, "Vipi, amefurahi?"

Ilimchukua wiki mbili kuirudisha kama ilivyokuwa, naye mwenyewe alikiri kwamba wiki hizo ndizo zilizomfanya fundi wa glavu, kwa kuwa hakuna tundu ambalo hakulifahamu tena. Kocha akawa mteja wake wa kudumu. Lakini mimi sikupona. Nikienda kwake na mkate, "Nesi, usiukate, uvunje." Nikimwomba anifungulie kopo, "Nilifungue au nilivunje?" Chapati, chungwa, bahasha, vyote kwake vilikuwa vya kuvunjwa, na kila mara alinitazama kwanza kuona kama nimekasirika.

Alikuwa na jambo lake la mafundo. Glavu nyingi, ukiangalia, zina ncha za kamba zinazoning'inia kwenye kisigino na vidoleni. Za Fundi hazikuwa nazo. Katika mipira ya zamani, fundo likijitokeza lilimpasua mtu paji la uso akipiga kichwa, kwa hiyo mkono wake ulikuwa umeshazoea kulizamisha fundo ndani lisionekane. Kocha alimweleza kwamba hapa mtu hapigi glavu kwa kichwa. Fundi akasema ndiyo, anaelewa, akaendelea kuzamisha. Siku moja nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye bustani, nakula sandwichi yangu, nikamwona mwanamke ameweka glavu kwenye benchi, haina ncha hata moja. Moyo uliruka kama nimemwona ndugu. Niliporudi nikamsimulia. Hakuuliza ni nani wala ni wapi.

"Kamba imeshika?" aliuliza.

"Imeshika."

"Basi."

Mechi yenyewe hakuipenda. Kocha alimchukua mara moja kwenda kuangalia, akalala ameketi, kofia usoni. Alisema ni watu waliotawanyika kwenye majani wakingoja mwenzao akosee. Lakini glavu aliisoma kama mtu anavyosoma barua. "Huyu alikuwa mwoga," atasema. "Tazama, wavuni kumechoka, kiganjani kupya. Hakutaka mpira umuumize." Au, "Huyu aliacha kucheza ghafla. Mafuta ya mwisho hayakupata hata kuingia." Na pamoja na yote hayo, hakuvaa glavu ya mtu. Aliijaribu kwa ngumi na kwa rungu la mti alilolichonga. Nilipochomeka mkono wangu katika moja siku moja, aliniambia niutoe, kwa sauti ambayo sikuizoea. Mkono wa mwenyewe umo humo, alisema, usimkanyage.

Alikuwa akiniasa nitoke, nitafute wenzangu, niende kanisani, niolewe. "Msichana wa umri wako hakai na mzee anayenuka mafuta." Nikikosa siku mbili kusimama mlangoni pake, ya tatu ataitikia "marahaba" kwa kuvuta, na wangapi nimewalisha hataniuliza. Wanafunzi wa Kitanzania wa chuo kikuu walikuwa wakimfuata kwa gari kila Idi wampeleke kwenye karamu. Alikuwa anavaa kanzu, viatu vimeng'arishwa, anakaa kwenye kiti karibu na mlango tangu asubuhi. Vijana wakigonga, anasema ana mteja anamngoja, samahani, mwaka ujao. Halafu anapika pilau la watu kumi, na mimi ndiye ninayelila hadi Alhamisi. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajifanyia hivyo. Alisema akikaa na watu wengi, kurudi kwenye ukimya kunakuwa kugumu, heri asitoke. Nikainamia sahani yangu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kufanya hivyohivyo.

Binti yake ndiye aliyemleta Amerika. Baada ya mwaka mmoja mume wa binti akapata kazi Texas, wakahama, na Fundi akasema atawafuata hali ya hewa ikitulia. Kule ni Minnesota. Hali ya hewa haitulii. Kila Jumapili simu ililia, nami nikasikia kutoka mlangoni mwake sauti yake ya furaha, ile ya kuonyesha kila kitu ni kizuri: "Niko salama, mama, kazi zimejaa, hata sina nafasi." Akikata simu, redio hufunguliwa mara moja.

Lakini sababu yake ya kutohama, ile aliyoitoa kila ulipombana, ilikuwa glavu moja iliyotundikwa kwenye msumari wake yenyewe, kando ya dirisha. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya asali iliyoungua. Aliletewa na mzee wa Kizungu mwanzoni kabisa, siku ya theluji iliyochelewa, mzee mwenye koti la mistari. Akasema atairudia. Fundi hakuandika jina wala simu. Morogoro hakuandika, aliwatambua wateja kwa sura na viatu vyao, na ilimtosha. Mzee hakurudi. Wiki, mwezi, mwaka. Kila mwanzo wa majira ya joto Fundi aliishusha, akaipaka mafuta, akaikaza kamba, akaweka mpira katikati, kwenye lile bonde la kiganja, akaifunga kwa uzi, akairudisha msumarini.

"Fundi, yule mzee amekufa," nilimwambia mwaka wa nne. Nimesema sina subira.

"Huenda."

"Sasa unamtengenezea nani?"

"Mwenyewe akija je? Aikute imekauka?"

"Ungempigia binti yako ukamwambia hivyo? Kwamba huendi Texas kwa sababu ya glavu?"

Aliishusha, akaifungua uzi, akaudondosha mpira ndani yake kutoka kimo cha shubiri moja. Glavu ikajifunga yenyewe juu ya mpira, polepole. Hicho ndicho kipimo chake cha kazi iliyokwisha. Glavu iliyolainika haifungwi na mtu, inajifunga ikiguswa. "Unaona?" alisema. "Iko tayari." Swali langu la Texas alikuwa ameliruka kama dimbwi.

Mimi niliolewa mwaka wa sita, tukahamia Maple Grove. Siku ya kuhama alinipokelea ufunguo wa akiba niliokuwa nao wa nyumba yake, kwa mkono wa kulia, akaurudisha mkononi mwangu, akasema niendelee kukaa nao. Niliahidi kila Jumamosi. Nilikwenda Jumamosi tatu. Halafu ovataimu, halafu mimba, halafu theluji, unajua mwenyewe zinavyokuja. Simu nilipiga. Aliniambia yuko salama, kazi zimejaa, hata hana nafasi, na nilipoweka simu chini nilijua kabisa hiyo ni sauti ya Jumapili. Nilijua, na sikwenda.

Kiharusi kilimkuta mwezi wa pili. Kocha ndiye aliyempata, amekuja na glavu za msimu, akakuta mlango wazi kidogo kama kawaida na Fundi chini ya meza. Mkono wa kulia ndio uliokwenda, na mguu wa upande huo, na maneno mengi. Binti alikuja kutoka Texas, akakaa wiki mbili, akaifunga nyumba, na Fundi akahamishiwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa Inver Grove Heights, karibu na mto, mpaka apate nguvu za kupanda ndege. Boksi la glavu binti aliniletea mimi. "Dada, hizi sijui nizifanye nini." Nililiweka kwenye buti la gari.

Nilikwenda kumwona siku za mwanzo, nikamkuta amelala, nikashukuru Mungu kwamba amelala. Baada ya hapo wiki tano zikapita. Nisijisafishe. Kazi yangu ni kulisha watu, na kwa sababu hiyohiyo niliogopa kumkuta na kijiko mbele yake.

Ndipo binti akapiga simu. "Dada, Baba hali."

"Hali yake inaendeleaje?"

"Nasema hali. Hali chakula. Mkono wa kushoto ni mzima kabisa, wakimpa kijiko anakiacha kianguke. Wakimlisha anafumba mdomo. Wamesema hadi Ijumaa asipokula watamwekea mpira."

Ilikuwa Jumatano. Nikakaa kitini na simu mkononi. Nikalirudia neno lenyewe, mpira. Miaka yote ile Fridley alitengeneza vitu vya kupokelea mpira, na sasa mpira wanaomtafutia ni ule wa kumtia uji tumboni.

Asubuhi yake nilikaanga maandazi, nikaendesha kwenda kusini. Barafu ya mto ilikuwa imeanza kupasuka. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, dirishani, amekonda hadi masikio yameonekana makubwa. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Wa kushoto aliuficha chini ya blanketi.

"Shikamoo, Fundi."

Bega la kulia lilitikisika. Alikuwa akitaka kuuinua ule mkono anipe. Haukuja. "Marahaba," alisema hatimaye, kwa nusu ya mdomo.

Uji ulikuwa mezani, umepoa, na kando yake kikombe cha chai. Nikafanya ninavyofanya kwa wote. Nikakaa sawa na macho yake, nikachota kidogo, nikaongea habari nyingine huku kijiko kinakwenda. Alikitazama kijiko. Akanitazama mimi.

"Wa saba," alisema.

Nikakirudisha kijiko bakulini. Nililia, na sikujificha. "Basi kula mwenyewe," nilimwambia. "Mkono wa kushoto ni mzima. Hakuna anayekutazama hapa ila mimi." Akatikisa kichwa, na chini ya blanketi mkono ukajivuta ndani zaidi.

Nikatoka kwa hasira kwenda kuchukua maandazi garini. Nilikuwa na hasira naye, na mimi mwenyewe, na lugha iliyougawa mwili wa mtu ikampa mkono mmoja chakula na mwingine ikaunyima. Nilipofungua buti, mfuko wa maandazi ulikuwa umelalia boksi, na juu kabisa ya boksi ilikuwa glavu ya rangi ya asali iliyoungua. Nilivichukua vyote viwili.

Aliitambua kabla sijafika kitini. Akahangaika na maneno, moja likamkimbia, akalitafuta tena.

"Mwenyewe," alisema. "Mwenyewe akija?"

"Ameshakuja," nikamwambia.

Nikapiga goti, nikautoa mkono wa kushoto chini ya blanketi. Hakunisaidia, hakunizuia. Nikaufungua uzi, nikaondoa mpira, nikaingiza vidole vyake kimoja kimoja. Yeye aliyekuwa hajawahi kuvaa glavu ya mtu, ilimwingia kama imeshonewa pale. Aliitazama muda mrefu. Nilichovya andazi kwenye chai, maana koo lake lilikuwa bado dhaifu, na alipoona chai inakaribia ngozi alinikunjia uso kabisa, kama zamani.

"Anayepokea ni ng'ombe, Fundi," nilisema. "Si wewe."

Nusu ya mdomo ikacheka. Akaifungua glavu, akainyoosha mbele yangu.

"Vunja," alisema.

Nikalivunja andazi, nikaidondosha nusu kwenye lile bonde. Glavu ikajifunga yenyewe. Midomo yake ikasema bismillahi bila sauti, akaiinua, akala kutoka humo kama kutoka sahani, taratibu, sukari inabaki kwenye ngozi aliyoipaka mafuta miaka yote ile. Machozi yalishuka yenyewe, yake na yangu. Alipomaliza alimeza mara mbili, akanitazama kuona kama nimekasirika, akaifungua glavu tena.

"Vunja na lingine," alisema.